Hali ya hatari ya Marekani na bonasi ya mkulima wa Vihiga

Mhariri,

Nipe nafasi nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu hulipa mistari miwili mitatu kila Novemba, kisha likasahaulika hadi mwaka unaofuata. Ni ile habari kwamba rais wa Marekani ameongeza kwa mwaka mmoja zaidi hali ya hatari ya kitaifa dhidi ya Irani, ambayo ndiyo msingi wa kisheria wa vikwazo vyao, na nyingine ya aina hiyo hiyo dhidi ya Sudan. Msomaji wa mjini akikutana nayo hugeuza ukurasa akatafute ya mpira, na simlaumu. Lakini mimi ni mkulima wa majani chai hapa Sabatia, Kaunti ya Vihiga, na kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani. Wairani na Wasudani ni wanywaji wa chai yetu. Mimi ukurasa huo siwezi kuugeuza.

Tulipokutana kituoni msimu huu kusikia habari za bonasi, yale malipo ya mwisho wa mwaka wa chai, afisa aliyetumwa na kiwanda alibandika karatasi ya manila ukutani, karibu na pale tunapotundika mizani. Mstari wa kwanza ulikuwa kuni na umeme. Wa pili, mishahara. Wa tatu aliuandika kwa kalamu nyekundu: Masoko, Irani, Sudan, vikwazo. Akaugonga huo wa tatu kwa rula, kana kwamba umeshajieleza wenyewe. Akina mama walioegemea meza ya kuchambulia majani wakatazamana. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, hiyo hali ya hatari ya Wamarekani ilianza lini?" Afisa akajibu, "Ni ya juzi juzi tu, mzee. Ni mambo ya huyu Trump." Watu wakatikisa vichwa kukubali, na mkutano ukahamia kwenye mbolea.

Mhariri, si ya juzi juzi. Hali ya hatari dhidi ya Irani ilitangazwa na Rais Jimmy Carter tarehe 14 Novemba 1979, siku kumi baada ya wanafunzi wa Tehran kuvamia ubalozi wa Marekani. Afisa yule alikuwa bado hajazaliwa. Wamarekani 52 walizuiliwa kwa siku 444, na ni kweli kabisa kwamba lile lilikuwa jambo la dharura. Taifa lolote lingeruka. Mateka wakaachiliwa tarehe 20 Januari 1981, siku ile ile Reagan alipoapishwa. Wakarudi kwao, wakazeeka. Hali ya hatari haikuondoka. Tangu hapo, marais wa vyama vyote viwili wamekuwa wakiiongeza muda mwaka baada ya mwaka, na Clinton akaongeza nyingine ya Irani mwaka 1995, ambayo nayo ina siku yake ya kuhuishwa kila Machi.

Sheria yao wenyewe haikutaka hivyo. Ile sheria ya hali za hatari ambayo Rais Ford aliitia sahihi mwaka 1976 ilitungwa kwa sababu mabunge yao yalikuwa yamegundua kwamba matangazo ya zamani, tangu enzi za Roosevelt, yalikuwa bado yana nguvu bila mtu kuyakumbuka. Wakasema: basi kila tangazo lijifie lenyewe likitimiza mwaka, isipokuwa rais atoe notisi katika siku 90 za mwisho kwamba linaendelea. Wakaongeza kwamba kila miezi sita mabunge yao mawili yakutane yafikirie kama liendelee au lizimwe. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Kwa vitendo, notisi huwa ni ukurasa mmoja wenye maneno karibu yale yale ya mwaka uliotangulia, na kile kikao cha kila miezi sita kwa miongo mingi hakikuitishwa kabisa. Mwaka 2019 ndipo walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuzima hali ya hatari, tena ile ya ukuta wa mpaka wa Mexico, na rais akaikataa kura yao. Ili kumshinda walihitaji theluthi mbili kwenye mabunge yote mawili. Hawakuzipata.

Kwa hiyo kule, kuendeleza ni sahihi ya mtu mmoja. Kusimamisha ni theluthi mbili.

Sasa tazama Katiba yetu ya 2010, ambayo tunaitukana kila siku. Kifungu cha 58 kinamruhusu rais wa Kenya kutangaza hali ya hatari kukiwa na vita, uvamizi, uasi, vurugu au janga, lakini tangazo hilo linaisha baada ya siku 14. Akitaka liendelee, Bunge la Taifa lijadili hadharani na wapige kura theluthi mbili ya wabunge wote. Likitakiwa kuendelea tena, kura zinapanda hadi robo tatu, na kila nyongeza haiwezi kuzidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kuulizwa kama tangazo lenyewe ni halali. Kadiri hali inavyovutwa ndivyo anayeivuta anavyobanwa. Najua mtu ataniambia hizo ni hali mbili tofauti, kwamba ya Marekani haileti kafyu wala askari barabarani, ni ufunguo tu wa kisheria wa kufungia pesa na biashara. Sawa. Ila mimi nimekaa upande wa pili wa mlango ule, na ufunguo ukizungushwa huko nasikia huku.

Tulikiandika kifungu kile kwa ukali kwa sababu tuliwahi kuishi chini ya hali ya hatari. Gavana Evelyn Baring aliitangaza tarehe 20 Oktoba 1952 na ikaondolewa tarehe 12 Januari 1960. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la Mzungu kule Njoro miaka hiyo. Alitusimulia jinsi majirani zake Wakikuyu walivyopandishwa malori na watoto na sufuria zao, na jinsi nyapara alivyokuja huku kwetu kutafuta watu wa kujaza zile nyumba. Baba alipewa chumba ambacho majivu ya jikoni hayakuwa yamezolewa. Alikikaa miaka, kwa sababu alihitaji mshahara, lakini ukimuuliza habari za chumba hicho alikuwa anainuka anakwenda kuangalia ng'ombe. Wakubwa waliokuwa wakiiongeza ile Imajensi hawakuwahi kulala mle.

Nirudi kwenye chai. Watu wengi wanadhani Marekani imeharamisha chai kwenda Irani. Haijaharamisha, chakula na dawa huachwa nje ya vikwazo kwa maandishi. Kinachofungwa ni njia ya pesa. Mnada wa Mombasa huuza chai kwa dola. Dola ikitoka benki moja kwenda nyingine, hata kama mnunuzi yuko bandari ya Bandar Abbas kule Irani na muuzaji yuko Mombasa, kwa kawaida hupitia benki yenye akaunti New York, na hapo ndipo sheria ya Marekani inapoishika. Mwaka 2014 benki ya Ufaransa, BNP Paribas, ilikubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha pesa za Sudan, Irani na Cuba. Jiweke kwenye viatu vya meneja wa benki ndogo ya Afrika Mashariki aliyesoma habari hiyo. Akiletewa karatasi yenye neno Tehran, hata iwe ya majani ya chai, hatauliza kama chakula kimeruhusiwa. Atairudisha. Hakuna mwanasheria atakayemlaumu kwa kukataa, na wapo wengi watakaomlaumu kwa kukubali.

Ndiyo maana biashara nyingi na Irani huzunguka kupitia Dubai, na kila mzigo unapozunguka kuna mtu katikati anayekata chake. Mchumaji wa Sabatia anaamka kabla ya jua, anavaa lile karatasi la nailoni kiunoni ili umande usimloweshe, anachuma majani mawili na chipukizi, anapanga foleni kituoni hadi lori lifike. Nimempimia huyo mtu maisha yangu yote ya kazi. Nimemkata kilo ya maji ya mvua kwa sababu kitabu cha kanuni kilisema nikate. Yeye hakatai, anakunja risiti yake anaiweka kwenye kitambaa. Lakini yale makato ya Dubai hayaandikwi kwenye risiti.

Vikwazo vya muda mrefu pia vina watoto wao, na hawa hawafanani na mama. Desemba 2023 wakaguzi wa Irani walifichua kashfa ya kampuni ya chai iitwayo Debsh, iliyokuwa imepewa zaidi ya dola bilioni 3 za bei nafuu ya serikali ili iagize chai na mashine. Dola zilikuwa adimu kule, na moja ya sababu za uadimu huo ni vikwazo hivyo hivyo. Kwa hiyo serikali ilikuwa inazigawa kwa bei ya chini kwa waagizaji wa vyakula. Ukimgawia mtu dola za bei ya chini kwenye nchi ambako dola haipatikani, umempa kiwanda cha kuchapa pesa. Moja ya madai yaliyotolewa ni kwamba chai ya bei ya chini kutoka Kenya iliandikwa kuwa ni chai ghali ya India. Jina la chai yetu likaingia matopeni kwa mchezo ambao sisi hatukuucheza, na wanunuzi wa Irani wakatugeuzia mgongo. Kwenye ile manila yetu jambo hili lote lilikuwa neno moja kwa kalamu nyekundu.

Sudan ni habari nyingine, na hapa nawaomba wenzangu tusome taratibu. Clinton alitangaza hali ya hatari dhidi ya Sudan tarehe 3 Novemba 1997. Khartoum ilikuwa imempa hifadhi Osama bin Laden tangu 1991 hadi 1996. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa yale yalikuwa na uzito gani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi liliua watu 213 jijini Nairobi, na wengi wao walikuwa wapita njia, makarani, wanafunzi na abiria wa basi. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba naitetea serikali ya Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan. Siitetei.

Lakini fuata hesabu. Vikwazo vya biashara dhidi ya Sudan viliondolewa Oktoba 2017. Hali ya hatari ya 1997 ikabaki. Desemba 2020 Sudan ikatolewa kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi, baada ya kukubali kulipa dola milioni 335 za fidia, na katika fidia hiyo wamo waathiriwa wa mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam. Waathiriwa gani? Raia wa Marekani na waliokuwa wameajiriwa na serikali ya Marekani. Mama aliyekuwa akiuza karanga kwenye Barabara ya Haile Selassie hayumo. Damu iliyomwagika ilikuwa yetu zaidi ya ya mtu mwingine yeyote, na mazungumzo ya kuimaliza habari hiyo yakafanywa na watu wengine, kuhusu watu wengine. Na baada ya malipo yale, hali ya hatari ikaongezwa tena.

Ninajua jibu lao, na si jibu la kijinga. Vita vya Sudan vilipolipuka Aprili 2023, Rais Biden hakuhitaji kutangaza jipya; alilipanua lile tangazo la 1997, na kwa nguvu hizo Januari 2025 Marekani ikamwekea vikwazo Hemedti, kiongozi wa wanamgambo wa RSF, kisha Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan, siku tisa baadaye. Mtu akisema wale majenerali wawili wafungiwe akaunti zao, mimi nitamshikia kalamu. Wamewaua na kuwafukuza watu kiasi cha kutosha. Neno langu ni hili: kama sababu ya leo ni majenerali wa leo, litangazwe la leo, kwa sababu zake, na wenye kuidhinisha wasimame waeleze. Tangazo lililowekwa kabatini kwa ajili ya Bashir, aliyepinduliwa 2019, lisitumike kama shati la mitumba ambalo kila anayekuja analipunguza mikono.

Na hapa ndipo yule afisa wa kiwanda aliponiudhi zaidi, maana aliyetufungia soko la Sudan mwaka 2025 si Marekani. Ni sisi. Februari mwaka huo serikali yetu iliwaruhusu watu wa RSF kukutana Nairobi, pale kwenye jumba la mikutano la KICC, na kutia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao. Huyo Hemedti alikuwa ndiyo kwanza amewekewa vikwazo na Marekani mwezi uliotangulia. Machi, serikali ya jeshi la Sudan ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwa ya kwanza kutajwa midomoni mwa watu, na kontena zikakwama bandarini Mombasa huku wafanyabiashara wakilia. Nani aliulizwa? Ni mkutano gani wa wakulima uliofanywa Vihiga, Nandi, Kericho au Kisii kabla ya kuwafungulia wale wageni ukumbi? Nilimsikiliza mbunge wetu kwenye redio wiki ile. Alizungumzia barabara na basari.

Kwa hiyo unapoandika "vikwazo" kwa kalamu nyekundu na kugonga kwa rula, umezikoroga chungu kimoja sahihi ya Washington, hofu ya benki, kashfa ya Tehran na mwaliko wa Nairobi. Mkulima anaondoka akiamini kwamba kuna kitu kikubwa huko mbali, hakizuiliki, na kwamba bonasi ndogo ni mapenzi ya Mungu. Hilo linawafaa watu fulani. Bei ya chai ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya mashariki tangu nikiwa kijana, na Irani haihusiki na hilo. Serikali iliweka bei ya chini kabisa ya mnada, dola 2.43 kwa kilo, mwaka 2021, chai ikalundikana kwenye maghala hadi bei hiyo ikaondolewa. Irani haihusiki na hilo pia.

Sisemi Kenya iigombe Marekani. Hatuna ubavu, na wengine wetu tuna watoto kule. Lakini mwaka 2022 Kenya ikiwa kwenye Baraza la Usalama ilijizuia kupiga kura vikwazo vya silaha dhidi ya Sudan Kusini vilipoongezwa muda, pamoja na Gabon, India, China na Urusi. Dunia haikuanguka. Ina maana tunaweza kusimama tukasema, kwa adabu, kwamba kinachoongezwa muda kiongezwe kwa hoja. Kama tulithubutu kwa ajili ya Juba, wizara yetu ya mambo ya nje inaweza kuiandikia Washington barua kuomba benki zetu zipewe maandishi ya wazi kwamba malipo ya chai si kosa. Barua kama hiyo ingemsaidia mkulima kuliko safari kumi za mawaziri wanaokwenda Tehran kupiga picha na kikombe. Bodi ya Chai nayo ituambie kama imewahi kufikiria kuuza sehemu ya chai kwa sarafu nyingine, na kama haikufikiria, ni kwa nini.

Bungeni pia tuna Kamati ya Kilimo. Sijawahi kusikia ikimwita mtu yeyote kueleza athari za matangazo haya ya Novemba kwa mnada wetu. Wawaite madalali wa Mombasa, waite mabenki, waite wizara. Wafanye hivyo Oktoba, kabla ya sahihi ya Washington na kabla hatujasomewa manila.

Kwa upande wangu, mkutano mkuu wa wenye hisa wa kiwanda chetu hauko mbali, na mimi nina hisa zangu, chache lakini zangu. Nitauliza ni kilo ngapi za chai yetu zilikwenda Irani na Sudan mwaka juzi, ngapi mwaka jana, ziliuzwa kwa bei gani mnadani, na ni mnunuzi yupi aliyezinunua. Hizo ni hesabu zilizomo kwenye vitabu vyao. Nimekuwa karani, najua vinavyowekwa. Wakinijibu, Mhariri, nitakuletea takwimu hizo uzichapishe. Wasiponijibu pia nitakuandikia.

Mkulima wa majani chai,
Sabatia, Vihiga